Joto la Jumapili Saa Kumi

Jirani aliyemkuta marehemu alisema jambo moja ambalo Sajini Marlys Hautala hakuweza kulimeza. Alisema kwamba Jumatatu asubuhi alipofungua mlango, joto la ndani lilimpiga usoni mpaka miwani yake ikaingia ukungu. Na bado daktari wa wilaya, baada ya kuukagua mwili mchana kutwa, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba Borghild Tweten, mjane wa miaka themanini na mitatu, aliuawa na baridi.

Kettle Landing si mahali pa kushangaa mtu kufa kwa baridi. Januari ikikaza, misonobari hupasuka kwa mlio wa bunduki, na magari hulala yamechomekwa kwenye umeme ili injini zisigande. Kila mwaka wanaondoka wawili watatu: mlevi aliyesinzia kando ya barabara, mwindaji aliyepotea njia. Lakini hao hufia nje. Borghild alikutwa amekaa kwenye kiti cha mbao, hatua mbili kutoka mlango wa mbele wa nyumba yake, na kidhibiti joto kilichokuwa ukutani juu ya kichwa chake kilisoma nyuzi sitini na nane za Farenhaiti, joto la kukaa na shati tu.

Maofisa wa zamu walikuwa wameshapata jibu lao. Bibi wa watu alitoka nje, wakasema, akagandia huko, kisha mtu akamkuta, akaogopa, akamrudisha ndani na kumkalisha kitini. Mbona alikuwa amevaa koti zito na buti? Hata walikuwa na jina mdomoni, la mtu mmoja mwenye gari la kusukuma theluji aliyepita mtaa ule Ijumaa.

Marlys hakubishana nao. Jumanne saa tatu asubuhi alianza na buti. Zilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo, zimefungwa vizuri. Akazigeuza. Nyayo zilikuwa safi kabisa. Katika mji ule, tangu Novemba hadi Aprili, barabara na vijia vyote humwagiwa chumvi na mchanga, na hakuna anayevuka kizingiti asirudi na mstari mweupe kwenye ngozi ya kiatu. Buti za Borghild hazikuwa na chembe. Zilipakwa rangi, zikavaliwa, zikakaa ndani.

"Mwacheni mtu wa theluji afanye kazi yake," aliwaambia wenzake. "Huyu mama hakutoka."

Akachukua ufunguo, akaenda kwenye nyumba ile peke yake.

Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao yenye orofa moja, safi, yenye harufu ya kahawa ya zamani. Marlys aliifahamu harufu hiyo ya Borghild tangu zamani, kwani kwa miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa mpishi wa shule ya wilaya, na nusu ya watu wazima wa Kettle Landing walikua kwa mkono wake, Marlys akiwamo. Hakulitafakari hilo kwa muda. Alivua glavu nene, akavaa za mpira, akaanza kutembea chumba kwa chumba.

Jikoni alisimama. Dirishani palikuwa na vyungu vitatu vya maua ya urujuani, yale yanayopendwa na wazee wa huko kwa kuwa yanachanua hata wakati wa kipupwe. Majani yalikuwa meusi, yamelala ukingoni mwa chungu kama mchicha uliochemshwa. Akagusa udongo, ulikuwa na unyevu. Kwa hiyo maua hayakufa kwa kiu. Yalikuwa yameuawa na baridi.

Basi nyumba hii ilikuwa baridi. Baadaye ikapata joto tena, na joto hilo likawapokea watu Jumatatu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alimpigia simu Wendell Niskanen.

Wendell alikuwa fundi wa mitambo ya joto, mzee mwenye mikono mikubwa na ulimi mwepesi. Yeye ndiye aliyefunga kile kidhibiti joto ukutani mwezi wa Oktoba, baada ya kukisifia mji mzima mpaka watu wakachoka naye. Kinapangwa saa zake, alikuwa akiwaambia: usiku kipunguze, alfajiri kipandishe, mkiondoka kilaze mtambo, mkirudi mkute kumeshapata moto. Kuipasha joto nyumba isiyo na mtu, alipenda kusema, ni kuvipikia viti chakula.

Siku ile hakuwa na mzaha. Aliingia akiwa ameshika kofia, na kabla ya kuulizwa akasema kwamba mtambo wake ni mzima, aliukagua mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, na kama kuna anayedhani bomba lake lilivuja au mtambo ulizima, basi waufungue mbele yake.

"Sijasema hivyo, Wendell. Nataka unisomee tu. Hicho kidude kinakumbuka?"

"Kinakumbuka kuliko mke wangu."

Akakifungua, akavaa miwani, akabonyeza hapa na pale. Kifaa kilihifadhi idadi ya saa ambazo mtambo umewaka kila siku. Jumatano, saa kumi na tatu, kawaida kwa baridi ya wiki ile. Alhamisi, saba. Ijumaa, mbili. Jumamosi, nne. Jumapili, kumi na moja. Marlys aliandika kila namba, kisha akamwomba arudie.

"Haukuharibika," Wendell alisema polepole. "Uliambiwa ulale."

"Na nani?"

"Hakijui mtu. Kinajua kitufe." Akamwonyesha. Kulikuwa na mpango wa safari, ule wa kuiacha nyumba tupu. Uliwekwa Alhamisi saa tano na dakika arobaini asubuhi. Ulishusha joto mpaka nyuzi arobaini na tano, karibu sawa na ndani ya friji, na uliagiza kwamba Jumapili saa kumi jioni joto lirudi sitini na nane. Baada ya kuuweka, mtu huyo alifunga vitufe kwa namba ya siri ya tarakimu nne.

Marlys alisogeza uso karibu na kifaa. Juu ya kitufe cha kupandisha palikuwa na tone nene la rangi ya kucha, jekundu, na juu ya kile cha kushusha hapakuwa na kitu. Borghild macho yalikuwa yamemwisha. Aliona pembeni tu, katikati giza. Tone lile aliwekewa ili kidole kisome pale ambapo jicho limeshindwa. Lilikuwa limekwanguka. Ukingo wake ulikuwa umebanduka, na ukutani chini yake palikuwa na vumbi jekundu, jepesi kama la chaki.

Wendell naye aliliona. Akavua miwani.

"Kikifungwa, hata ubonyeze mpaka kesho hakipandi," alisema. "Kufuli hilo mimi ndiye niliyemwonyesha Solveig. Mama alikuwa akipandisha mpaka themanini, halafu anasahau."

Solveig alikuwa binti wa marehemu, mwenye miaka hamsini na minne, aliyeishi na mama yake na kumwangalia. Alhamisi ile alikwenda mji wa kusini kufanyiwa upasuaji wa goti. Sasa alikuwa amerudi, amepumzishwa nyumba ya pili, kwa Delphine LaPrairie, jirani yule aliyemkuta marehemu. Delphine naye alikuwa kwa binti yake siku zote nne. Alirejea Jumapili usiku na hakwenda kubisha hodi mpaka asubuhi. Kwa hiyo kwa siku nne mtaa ule haukuwa na jicho.

Marlys alimkuta Solveig kwenye kochi, mguu umefungwa vyuma, sahani ya supu kando yake haijaguswa. Alikaa, akamuuliza kuhusu kidhibiti joto. Solveig hakujaribu kuzunguka.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekiweka. Na nikakifunga. Andika."

"Nieleze kwa nini kwanza."

Maelezo yake yalikuwa marefu na yalikatikakatika. Walikuwa wamepanga tangu Krismasi. Kaka yake, Lowell, aliyekuwa akiuza injini za mashua upande wa pili wa mji, angekuja Alhamisi saa sita amchukue mama, akae naye mpaka Jumapili jioni. Solveig alimvalisha mama gauni la kanisani na bruchi ya fedha ya bibi yao, pini ya kifuani, akamfungia sanduku la buluu, akaliweka mlangoni. Gari la wagonjwa lilipofika saa sita kasorobo kumchukua yeye Solveig, mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti kile cha mbao, koti limefungwa vifungo, mkoba mapajani. Nyumba ingekuwa tupu baada ya robo saa. Kwa nini iunguze gesi siku nne? Vitufe alivifunga ili mama asipandishe joto wakati akingoja.

"Lowell anasema mama alimpigia akabadili mawazo," Solveig aliendelea. "Anasema alikataa kabisa kutoka. Unamjua mama. Akasema anabaki kwake. Na mimi nilikuwa nimeshamfungia baridi ndani, nikaondoka na namba kichwani mwangu."

Hakulia. Alikuwa akitazama kidole chake cha shahada kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Mpelelezi mwingine angeweza kuishia hapo. Alikuwa na saa, alikuwa na mkono, alikuwa na mtu aliyekiri. Marlys alirudi kwenye lile agizo la Jumapili saa kumi jioni. Anayetaka mtu afe kwa baridi hahangaiki kumwandalia joto la kurudia. Saa ile iliwekwa na mtu aliyeamini kwa moyo wote kwamba mama yake atarudi nyumbani Jumapili, akiwa hai, akiwa ameshika mkono wa mtu. Solveig alisema kweli. Kilichobaki ni Lowell. Naye Jumatatu aliwaandikia polisi maelezo kwamba hapakuwa na mpango wowote, mama yake alichagua kubaki nyumbani kama kawaida yake, na kwamba mama huyo alikuwa mbahili wa joto tangu wazaliwe. Kwa polisi, hakuna mpango. Kwa dada yake, mpango ulikuwapo ila mama akakataa. Mtu mmoja, siku moja, hadithi mbili.

"Sanduku la buluu," Marlys aliuliza, "ulitia nini?"

Solveig alitaja nguo moja moja. Mwisho akasema kuhusu kisanduku cha dawa za moyo, kilichogawanywa kwa siku, alichokitia kwenye mfuko wa pembeni, wa zipu, kwa sababu mama alipenda kukipapasa hapo.

Mlangoni hapakuwa na sanduku. Marlys alirudi kwenye nyumba ya Borghild, akalipata juu ya kabati la chumba cha kulala, tupu, limesukumwa hadi ukutani. Nguo zilikuwa kwenye droo, lakini zilikunjwa kwa haraka: soksi zimechanganyika na vitambaa vya mezani, sweta limeingizwa na mikono yake nje. Kipofu hawezi kuweka hivyo. Kwa kipofu anayeishi kwa kupapasa, kila kitu kina mahali pake. Na Borghild asingeweza kulifikisha sanduku juu ya kabati lile hata akiwa na miaka hamsini. Marlys alilishusha, akafungua zipu ya pembeni. Kisanduku kilikuwamo. Dawa za Alhamisi jioni zilikuwamo, za Ijumaa, za Jumamosi, za Jumapili, hakuna hata kidonge kimoja kilichopungua.

Mwanamke aliyeamua kubaki nyumbani angetoa dawa zake. Huyu hakuzitoa kwa kuwa kila dakika alikuwa anakaribia kuondoka.

Alasiri kampuni ya simu ilileta orodha. Borghild alikuwa na simu ya vitufe vikubwa, na kitufe cha kwanza kilikuwa cha mwanawe. Alhamisi saa saba na dakika tano alipiga, hakupokelewa. Saa nane na nusu, hakupokelewa. Saa kumi na dakika kumi alipokelewa, wakaongea sekunde arobaini. Ijumaa saa moja kasoro kumi asubuhi, hakupokelewa. Saa mbili na robo, hakupokelewa. Baada ya hapo hakupiga tena, si kwa Lowell wala kwa mwingine.

Lowell Tweten alikuja kituoni Jumatano saa nne asubuhi, kwa hiari yake. Mtu mnene, mpole, mwenye uso uliochomwa na upepo, na mduara mweupe kuzunguka macho palipokaa miwani ya theluji. Marlys alimsomea haki zake, akamwambia anaweza kuondoka wakati wowote. Lowell alisema hana haraka. Akauliza kama dada yake anakula.

Marlys alimwacha aeleze. Akaeleza yale yale: mama alikataa, mama alikuwa mkaidi, joto alilipunguza mwenyewe. Alipomaliza, Marlys aliweka mezani karatasi ya Wendell.

"Hakulipunguza. Kifaa kilikuwa kimefungwa. Alijaribu kulipandisha, Bwana Tweten, mpaka rangi ikabanduka."

Lowell aliitazama karatasi bila kuigusa.

"Uso wako umeungua," Marlys alisema. "Ulikuwa barafuni?"

Alikuwa Ziwa Ahola, akasema, na marafiki wawili, kwenye kibanda cha kuvulia samaki. Tangu lini? Tangu Alhamisi asubuhi. Mpaka lini? Mpaka Jumapili mchana. Samaki walikuwa wanakula kuliko mwaka wowote, akaongeza, kisha akanyamaza kama mtu aliyejisikia akisema.

"Sanduku nani alilipandisha juu ya kabati?"

Lowell alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Uliacha dawa zake ndani. Kwenye mfuko wa pembeni."

Lowell alifumba macho. Marlys alisogeza orodha ya simu, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Sekunde arobaini. Alikuambia nini?"

"Alisema ananingoja."

"Na wewe?"

Sauti ya Lowell ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Nilimwambia asivue koti. Nilimwambia nimeshafika njia panda, theluji tu inanichelewesha. Nilidhani nitatoka baada ya saa moja. Halafu giza likaingia, halafu jamaa wakasema barabara mbaya. Nikajua Solveig hawezi kumwacha peke yake. Nilijiambia hivyo, atakuwa amengoja naye. Asubuhi simu ilipolia nikaigeuza kifudifudi."

"Solveig alikuambia anaondoka saa sita."

"Aliniambia mara tatu."

Ndiyo maana Borghild hakumpigia mwingine. Hakutaka kumsumbua binti aliyelala kitandani kwa upasuaji, na mwanawe alikuwa njia panda. Mwenye mgeni njiani haombi msaada kwa jirani. Daktari alikuwa ameeleza kwamba baridi ya ndani haimwangushi mzee kwa kishindo. Humchukua kidogokidogo, humchanganya, mpaka akasahau kwamba anatetemeka. Kufikia Ijumaa mchana huenda hakujua tena kwamba amechelewa kuchukuliwa.

Lowell alisimulia kilichobaki bila kuulizwa. Jumapili saa kumi na mbili jioni alikwenda, akiwa na samaki ndani ya ndoo.

"Nyumba ilikuwa na joto," alisema. "Hilo ndilo lililonidanganya. Niliingia nikaona taa ya kidude inawaka, joto zuri, yeye kitini. Nikavua koti. Nikamwambia, mama, usinikasirikie. Niliongea naye, Sajini. Nilimweleza habari za samaki. Niliongea mpaka nilipomshika mkono."

Kisha akatoa nguo sandukuni, akazirudisha kwenye droo, akalisukuma sanduku juu ya kabati ili ionekane hapakuwa na safari, akafunga mlango. Alimwacha mama yake ameketi pale usiku mwingine mzima, ili akutwe na mtu mwingine.

Marlys aliandika yote, akamsomea, akampa kalamu. Akamweleza kwamba mwanasheria wa wilaya ndiye atakayeamua mashtaka: kumtelekeza mtu asiyejiweza, kuvuruga mahali pa kifo, kusema uongo mbele ya polisi. Lowell alitia sahihi kila ukurasa bila kusoma. Alipofika wa mwisho akaomba jambo moja.

"Solveig asiambiwe habari ya ile simu. Aachwe aamini mama alikataa. Hivyo haitamwumiza sana."

"Bwana Tweten, dada yako siku mbili hizi hali chakula. Anaamini kidole chake ndicho kilichomuua mama yenu. Ulimpa wewe imani hiyo."

"Sitaweza kumwambia."

"Yupo hapo nje. Delphine amemleta kutia sahihi. Nimemwomba asubiri, sikumwambia kitu." Marlys alisimama. "Akisikia kutoka kwangu, atakuwa amepata habari. Akisikia kutoka kwako, huenda siku moja akapata kaka. Sikuahidi."

Akafungua mlango.

Kwenye ukumbi Solveig alikuwa amekaa ukutani, mguu umenyooshwa, magongo yake mawili yamelazwa kwenye kiti cha pembeni yake. Alimwona kaka yake akitoka, macho mekundu, mikono haijui pa kukaa. Akadhani amelia kwa ajili ya mama, kama yeye. Akainama kwa shida, akayaondoa magongo kwenye kile kiti na kuyaweka sakafuni, ili Lowell apate pa kukaa.